Nerf Retaliator: Ziba Hewa Kwanza, Springi Baadaye

Kwa anayetafuta bunduki ya kuchezea ya vishale vya sponji ili aifungue na kuiongezea nguvu, Nerf Elite Retaliator bado ni chaguo zuri. Hasbro waliitoa mwaka 2012, ikiwa na umbo la Recon CS-6, Nerf nyingine ya 2008, lakini tumbo lake ni jingine. Pistoni ya Recon imegeuzwa, hivyo hewa nyingi hupotelea njiani. Ya Retaliator inasukuma hewa moja kwa moja nyuma ya kishale, kwa hiyo kila unachoboresha ndani unakiona mbele.

Ikiwa haijaguswa, kishale cha gramu 1 kinatoka kwa takriban mita 21 kwa sekunde. Futi 75 zilizoandikwa kwenye boksi, yaani karibu mita 23, zinapatikana ukiinua mdomo juu. Ukilenga usawa wa bega, kishale kinagusa chini mapema zaidi.

Wengi hukimbilia kubadili springi. Springi kali ndani ya silinda inayovuja huongeza kelele na kuichosha plastiki, na kasi inapanda kidogo tu. Anza na hewa.

Toa magazini, hakikisha springi haijakokwa, kisha fungua kitelezi (sehemu unayoivuta ili kukoki) na skrubu za ubavuni kwa bisibisi ndogo ya nyota. Skrubu hazilingani urefu, kwa hiyo zipange juu ya karatasi kwa mpangilio wa mashimo yake, na upige picha kabla ya kunyanyua kipande chochote. Vispringi vidogo vya kifyatulio hupenda kuruka ukinyanyua upande wa juu kwa haraka.

Sasa chukua silinda na pistoni yake. Ziba tundu la mbele kwa kidole gumba na usukume pistoni kwa mkono. Ikigoma na kurudi nyuma ukiiachia, hewa haivuji. Ikizama taratibu mpaka mwisho, o-ringi, yaani pete ya mpira inayoizunguka pistoni, haibani. Itoe, zungusha raundi moja au mbili za tepu nyeupe ya mafundi bomba ndani ya mfereji wake, irudishe na upime tena. Usizidishe: o-ringi iliyobana mno inaipunguzia pistoni mwendo, na kishale kinatoka kivivu kuliko mwanzo. Paka grisi ya silikoni kidogo, safu nyembamba inayong'aa tu. Grisi ya magari na mafuta ya petroli vinaweza kuvimbisha mpira na kudhoofisha baadhi ya plastiki.

Bandika pia kipande cha sponji ngumu chenye unene wa milimita 2 kwenye uso wa pistoni. Kazi yake ni kupokea kishindo ambacho vinginevyo kinaishia mbele ya silinda, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Springi ya kilo 5 (kilo hapa ni nguvu ya kuikandamiza, si uzito wake), inayouzwa na watengenezaji wa vipuri kama Worker, ndiyo inayoifaa zaidi. Kasi inafika karibu mita 27 hadi 30 kwa sekunde. Kutoka 21 hadi 30, nishati ya kishale inaongezeka karibu mara mbili: kutoka joule 0.22 hadi 0.45. Badilisha pia springi ndogo ya ndoano inayoshika pistoni. Ile ya kiwandani ni laini, na ikishindwa kubana, pistoni inateleza kabla hujagusa kifyatulio, au haishiki kabisa. Hili ndilo tatizo la kwanza kwa karibu kila anayebadili springi kubwa peke yake. Ukitaka kupita kilo 5, nunua seti kamili yenye ndoano, fimbo ya pistoni na kitelezi cha ndani vilivyoimarishwa. Mikono ya plastiki ya kitelezi cha ndani cha kiwandani haitadumu.

Vifungio vinavyozuia kifyatulio wakati kitelezi hakijafunga, viache. Wapo wanaoving'oa ili ikokeke kwa ulaini, lakini bunduki inayofyatua ikiwa nusu wazi inakunja vishale ndani.

Bomba refu la mbele ni pambo. Kishale hakibanwi humo, kwa hiyo halimpi mtu kasi. Kikigusa ukuta wake kinapoteza shabaha. Litoe. Vishale vya Elite navyo, kichwa chao ni chepesi, na karibu na mita 30 kwa sekunde vinaanza kutikisa mkia. Vyenye kichwa cha mpira kilichonakshiwa miraba midogo kama vigae vinanyooka vizuri zaidi. Kishale kilichochanika au kubonyea kitupe, kwa sababu hewa uliyoihangaikia inapita pembeni yake.

Baada ya marekebisho haya, miwani ya kinga ni lazima kwa kila aliyepo, hata mtazamaji. Usiweke kitu kigumu kwenye ncha ya kishale. Ukipaka rangi, rangi ya machungwa ya mdomoni ibaki, asije askari au jirani akadhani ni silaha ya kweli.