TAHADHARI: Anayeuza "alizeti za Van Gogh za kutengenezwa kwa mkono" anauza plastiki iliyopuliziwa rangi

Jamani, kuna mtu anauza mapambo mtandaoni, anajiita fundi wa maua ya karatasi, na mimi ameshanila 280,000. Jina la ukurasa silitaji, suala liko polisi na nimeombwa nisilivuruge. Nitaeleza anavyofanya kazi, maana jina atabadilisha, mtindo ataubakiza.

Mama mkubwa amestaafu ualimu mwaka huu. Sebuleni kwake Singida kuna picha aliyoikata kwenye kalenda ya zamani akaitia fremu: Alizeti za mchoraji Van Gogh, ile yenye maua 15 ndani ya chungu na ukuta wa njano nyuma. Wageni humtania kwamba alizeti zinapelekwa kukamuliwa mafuta, yeye kazitundika ukutani. Sasa nilipoona tangazo la fundi anayeunda maua ya picha hiyo kwa karatasi ya krepu, ua kwa ua, pamoja na chungu chake, nikajua zawadi nimeipata.

Na huyo mtu anajua maneno, nisimdhulumu. Nilimuuliza anaiga picha ipi, kwa sababu Van Gogh alichora alizeti za kwenye chungu zaidi ya mara moja. Akajibu pale pale: iliyoko London, ya Agosti 1888, aliyoichora Arles huko Ufaransa ili kupamba chumba cha rafiki yake Gauguin. Yote kweli, nilihakikisha. Tapeli niliyemzoea mimi ni wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huyu alinipa somo la sanaa kwanza, ndipo akataja bei.

Bei 240,000, kianzio 150,000. Akasema kila ua linamla siku nzima. Hesabu ilipaswa kunishtua: siku kumi na tano za fundi, krepu, waya, gundi na chungu juu yake, kwa laki mbili na arobaini? Nikatuma. Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la kiume na halikufanana hata herufi moja na la ukurasa. "Ni la mume wangu," akasema. Wiki ya pili krepu ikawa imekwama bandarini, niongeze 40,000. Wiki ya nne nikapata video ya sekunde tisa, vidole vinatanua petali ya njano, sura haionekani. Nikamalizia 90,000.

Boksi likaletwa na bodaboda. Nilipolifungua, kabla hata sijagusa kitu, ikanijia harufu ya rangi ya kupuliza. Maua yalikuwa 15, hapo hakudanganya, ila yote yana sura moja kama watoto wa shule wanaopigwa picha ya pasipoti. Nikashika petali moja nikaivuta polepole. Halikutoka petali, likatoka duara zima, kitu kilichokatwa kwa mashine na kuchomekwa kwenye kijiti, na mshono wa kiwandani unashuka bua zima. Chini ya njano kulikuwa na rangi ya waridi. Yaani ni maua ya plastiki na kitambaa, ya yale ya kufunga kwa dazeni, kayapulizia rangi. Vidole vyangu vilibaki vya njano hadi jioni.

Nilimtumia mama mkubwa picha bila kumwambia kitu. Akapiga simu: "Mwanangu, mbona yote yameamka saa moja? Yaliyonyauka yako wapi?"

Hapo ndipo penye siri ya picha ile, na ndipo unapoweza kumnasa mtu huyu. Kwenye ile ya London hakuna maua mawili yanayofanana. Mengine yamechanua, mengine petali zimeanza kuanguka, mengine yamebaki vichwa vya mbegu tu vimeinama. Na kuna yale yenye petali nyingi nyingi zilizojaa mpaka katikati, kama manyoya. Ni aina ya alizeti iliyopo kweli, si mchoraji kazidisha. Van Gogh alikuwa anaamka alfajiri kuzichora kwa sababu zinanyauka upesi. Fundi anayeiga kwa dhati lazima awe ameangalia hayo. Kwa hiyo usiombe "picha zaidi". Omba video ya lile ua lililopukutika petali, aligeuze nyuma, na pembeni aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Mwambie pia aivute petali kwa vidole gumba mbele ya kamera: krepu ina mikunjo midogo, ukiivuta inatanuka na kubaki ilivyo, ndivyo petali inavyopata tumbo. Plastiki na kitambaa haviwezi hilo.

Na zile picha za tangazo? Nilizitafuta kwa Google Lens sikupata kitu, nikaamini ni zake. Baadaye, kwa hasira tu, nikakuza moja. Kwenye chungu cha Van Gogh kuna sahihi yake, "Vincent". Kwenye chungu cha tangazo neno lilikuwepo, ila linasomeka kinyumenyume, t mwanzoni, V mwishoni. Alikuwa ameigeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo ili isitafutike. Nikaigeuza tena kwenye simu, nikatafuta upya, dakika haikuisha ikatokea kwenye ukurasa wa msanii wa nje mwenye kazi yake. Video ya sekunde tisa nayo ni ya huyo huyo. Kuiga alizeti za Van Gogh si kosa, mwenyewe alifariki 1890 na mafundi dunia nzima wanaziiga. Kilichoibwa ni jasho la huyo msanii, na hela yangu.

Nilipolalamika alinijibu mara moja tu, "dada rangi hutegemea mwanga", akaniblok. Nina RB ya polisi, skrinishoti zote nimezihifadhi, na namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli. Kama nawe ulimtumia hela, usifute mazungumzo hata kama yanakuuma, nenda nayo kituoni.

Naandika leo kwa sababu juzi nimeona ukurasa mpya, jina jipya. Safari hii ni matawi ya mlozi yenye maua meupe kwenye mbao ya buluu, na anayauza kama zawadi ya arobaini ya mtoto, akisimulia kwamba Van Gogh aliyachora 1890 mdogo wake alipopata mtoto. Hadithi ni ya kweli tena. Meza inayoonekana kwenye picha ni ile ile ya tangazo la alizeti, yenye alama ya kikombe pembeni, na picha nayo imegeuzwa. Kianzio amepandisha, sasa ni 180,000.