Kipimo cha radoni cha mkaa na cha betri, nimetumia vyote viwili baridi hii

Kila mwaka baridi ikikaribia mimi na mume wangu tunazunguka nyumba nzima, filta ya hita inabadilishwa, majani yanatolewa kwenye mifereji ya paa, maji ya bomba la nje yanafungwa yasije yakaganda likapasuka, milango inayopitisha upepo inabandikwa mpira, na nilikuwa najua hapo ndo tumemaliza. Mwaka huu tukaongeza kupima radoni kwa sababu binti yetu amehamishia meza yake ya kusomea kule besimenti (chumba cha chini ya nyumba) na anakaa huko masaa mengi.

Kwa asiyeijua, radoni ni gesi inatoka ardhini, urani iliyo kwenye mawe na udongo inaoza pole pole mpaka inazaa radoni. Haina harufu haina rangi, na ile kengele ya kaboni monoksidi (gesi ya sumu ya moto) haiitambui kabisa, hivyo ni vitu viwili tofauti msichanganye. Baada ya sigara hii ndo inafuata kwa kusababisha kansa ya mapafu. Na baridi ndo inazidi, maana hewa ya moto inapanda na kutokea juu, nyumba inavuta nyingine kutoka chini kupitia nyufa za sakafu, na sisi wenyewe tumeshafunga kila dirisha.

Tulianza na kile cha mkaa, yaani kikopo chenye mkaa unaonasa radoni. Unakifungua, unakiacha siku 2 mpaka 4 madirisha yakiwa yamefungwa (uwe umeyafunga masaa 12 kabla), alafu unakituma maabara. Sasa sisi tulipokifunga kikakaa kwenye begi siku 5 kabla ya kupelekwa posta, na radoni kila siku 3.8 inapungua nusu, kwa hiyo maabara wakajibu hakipimiki tena. Kipimo chenyewe ni kizuri na ni rahisi, ila ukikifunga kitume siku hiyo hiyo.

Ndo tukachukua cha betri, kinaenea kiganjani, kina kioo kidogo cha namba. Siku ya kwanza kikasoma bekereli 64 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa mita moja ya ujazo nikafurahi sana, usiku wa tatu upepo ukavuma kikaruka mpaka 320 sikulala. Tena mume wangu alikuwa amekiweka dirishani, namba ikashuka tukadhani mambo yamekaa sawa kumbe ni hewa ya nje. Kiweke mbali na dirisha, mlango na bafu, juu ya sakafu kama nusu mita au zaidi, alafu kiache. Usiangalie namba ya lisaa limoja tu, angalia wastani. Wetu wa wiki 3 ulikuwa 210 bekereli kwa mita moja ya ujazo, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 100, Marekani wao wanasema ukifika 148 rekebisha.

Nikashuka na tochi nikapitisha mkono pale bomba la maji linapoingia ukutani, nikasikia kabisa hewa ya baridi inapuliza kwenye vidole, uwazi wenyewe hauzidi upana wa penseli. Tukaziba hapo na nyufa zote kwa silikoni, wastani ukaenda 180. Yaani kuziba peke yake hakukutosha, ikabidi aje fundi wa radoni atoboe sakafu, aweke bomba na feni inayovuta gesi chini ya zege na kuitoa juu ya paa.

Cha betri nakipa nyota 4. Nyota moja naikata kwa sababu hakina mlio wa kukushtua namba ikikaa juu siku nyingi, lazima ukumbuke kwenda kukitazama mwenyewe, na kijitabu chake hakijaeleza popote kwamba siku za kwanza namba si za kutegemea. Ila hakijatoka pale mezani kwa binti yangu, na wastani wa mwezi huu tangu feni iwashwe ni 41.