Uzoefu wangu: huduma ya hesabu na kodi ya Sh3,500 kwa mwezi kwa duka dogo (Kenya)

Ninayoipima hapa ni huduma ya ofisi ndogo ya uhasibu. Kila mwezi unawapa taarifa ya tili (namba ya kupokelea malipo ya M-PESA), daftari la pesa taslimu na ankara za manunuzi. Wao hulinganisha na eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA), huandaa ritani (taarifa ya kodi) na kukutolea PRN (namba ya malipo), kisha unalipa mwenyewe. Biashara ni duka la vifaa vya ujenzi lenye mauzo ya kama Sh400,000 kwa mwezi, halijasajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Jina la ofisi silitaji, kwa kuwa vipimo nitakavyotoa vinafaa kupimia ofisi yoyote. Nyota 4 kati ya 5.

Nianze na jambo lililolipa gharama yote: uchaguzi kati ya TOT (kodi ya mauzo ghafi) na kodi ya kawaida ya mapato. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya Sh1,000,000 na isiyovuka Sh25,000,000 kwa mwaka huingizwa kwenye TOT, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote. Gharama hazitolewi hata senti. Watu wa saiba (vibanda vya intaneti) humwandikisha kila mteja TOT kwa sababu ritani yake ni fupi. Lakini sheria inakuruhusu kujiondoa kwa kumwandikia Kamishna wa kodi, ukatozwa kodi kwa faida badala ya mauzo. Ofisi hii hukupigia hesabu za pande zote mbili kabla ya kugusa chochote kwenye iTax (tovuti ya kodi ya KRA), na hapo ndipo nilipoiamini.

Hesabu yenyewe ni hii. Duka la vifaa linauza Sh4,800,000 kwa mwaka. TOT yake ni Sh144,000. Sasa tafuta faida: stoki ya mwanzo wa mwaka Sh620,000, jumlisha manunuzi Sh4,030,000, toa stoki ya mwisho Sh690,000, bidhaa zilizouzwa ziligharimu Sh3,960,000. Inabaki Sh840,000. Toa kodi ya pango, umeme, usafiri na ada, jumla Sh360,000, unapata faida ya Sh480,000. Kodi ya mtu binafsi ni asilimia 10 kwa Sh288,000 za kwanza (Sh28,800), asilimia 25 kwa Sh100,000 zinazofuata (Sh25,000), na asilimia 30 kwa Sh92,000 zilizobaki (Sh27,600). Jumla Sh81,400. Toa nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800, unadaiwa Sh52,600. Tofauti na TOT ni Sh91,400 kwa mwaka.

Saluni ni kinyume chake. Mauzo ya Sh1,500,000 yenye faida ya asilimia 40 ni faida ya Sh600,000, na kodi ya kawaida inafika Sh88,600, ilhali TOT ni Sh45,000 tu. Huyo abaki kwenye TOT. Kwa duka la mauzo ya Sh4,800,000, mpaka uko kwenye faida ya kama asilimia 16 ya mauzo: chini ya hapo TOT inakula mtaji. Muuza simiti na mabati mara nyingi yuko chini. Kinyozi yuko juu.

Kuna masharti ambayo ofisi nyingine hazikuambii mapema. Ukitoka TOT, kodi ya mwaka ikizidi Sh40,000 unalipa kwa awamu 4: tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Kwa mfano wetu ni Sh13,150 kila awamu. Salio, kama lipo, hulipwa kufikia Aprili 30 ya mwaka unaofuata, na ritani kufikia Juni 30. Tena, tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza faida. Zipo zinazosamehewa, kama mishahara, riba na ada za benki, lakini stoki haisamehewi. Kwa hiyo kama unanunua kwa jumla bila ankara, ile faida ya Sh480,000 niliyoonyesha haipo kwenye karatasi za mamlaka; wataona faida kubwa zaidi na kodi kubwa zaidi. Mtu wa namna hiyo asihame TOT mpaka arekebishe manunuzi yake.

Kuhusu manunuzi, mpe muuzaji PIN yako (namba ya mlipa kodi) kabla hajatoa ankara. Ankara ikishatoka bila PIN ya mnunuzi haihaririwi. Inabidi atoe krediti noti (hati ya kufuta ankara) inayotaja namba ya ankara ile, kisha atoe nyingine, na wauza jumla wengi hawana subira hiyo foleni ikiwa ndefu. Ukinunua kwa mkulima au mchuuzi ambaye mauzo yake hayazidi Sh5,000,000 kwa mwaka, ni wewe mnunuzi unayetoa ankara. Sheria ilibadilishwa hivyo mwishoni mwa 2024. Wenye vibanda vya chakula ndio wa kulisikia zaidi jambo hili.

Sasa ulinganisho wa kila mwezi, ambao ndio kazi halisi unayolipia. Programu za simu za kuweka hesabu zina michoro ya kupendeza, lakini nilizojaribu hazifanyi hili. Karatasi yao inaonekana hivi:

Pesa zilizoingia tilini: 312,400
Toa zisizo mauzo (mkopo wa chama): 25,000
Toa madeni ya mwezi uliopita yaliyolipwa: 18,600
Ongeza mauzo ya taslimu: 96,700
Ongeza mauzo ya deni ya mwezi huu: 21,500
Mauzo ya mwezi: 387,000

Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayopaswa kusomeka kwenye eTIMS. Ikisomeka 379,200, kuna ankara za Sh7,800 hazikutolewa, na mara nyingi ni mauzo ya jioni ambapo mhudumu aliahidi kuziingiza baadaye. eTIMS ikizidi, tafuta bidhaa iliyorudishwa bila krediti noti, au ankara iliyotolewa mara mbili mtandao ulipokatika katikati. Kwa aliye kwenye TOT, mwezi huo ni Sh11,610, ritani na malipo kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa kuwasilisha ni faini ya Sh1,000. Ukichelewa kulipa ni asilimia 5 ya kodi, na riba ya asilimia 1 kila mwezi juu yake.

Kosa wanalolikuta zaidi kwa wateja wapya, kwa maelezo yao, ni kuandika mauzo kutokana na pesa zilizofika benki. Lipa na M-PESA hukata asilimia 0.55 kwa malipo yanayozidi Sh200. Mteja akilipa Sh1,000, kwako inabaki Sh994.50, lakini mauzo ni Sh1,000, na Sh5.50 ni gharama. Ukijumlisha mwaka mzima, pengo hilo linatosha kuzua maswali. La pili ni kuchanganya nyumba na duka: unga ulionunuliwa kwa pesa za tili si gharama ya biashara, na misumari uliyobeba kwenda kujengea kwako haikuuzwa. Andika yote mawili kama pesa za mwenye biashara, safu yake peke yake.

Kwa kutoa ankara, ofisi ilishauri eTIMS Lite, ambayo asiye na VAT anaweza kuitumia kwa *222# au mtandaoni. Inatosha duka lenye wateja wachache kwa siku. Duka lenye bidhaa mamia linahitaji toleo linaloshika stoki, la sivyo hesabu ya mwisho wa mwaka utaifanya kwa kukisia. Ushauri wao hapa ulikuwa mfupi mno. Walipaswa kueleza pia kwamba mauzo ya bidhaa zinazotozwa VAT yakifika Sh5,000,000 ndani ya miezi 12 lazima usajiliwe, na duka la Sh400,000 kwa mwezi limesimama mlangoni kabisa. Mwezi mmoja au miwili mizuri inalivusha.

Mwajiriwa mmoja wa Sh18,000 wanamhudumia bila nyongeza ya ada: SHIF (bima ya afya) Sh495, ushuru wa nyumba Sh270 kwake na Sh270 kwako, NSSF (akiba ya uzeeni) Sh1,080 kila upande, PAYE (kodi ya mshahara) hakuna kwa kuwa hajafika Sh24,000. Vyote kufikia tarehe 9.

Nyota iliyopungua ni ya kasi. Kuanzia tarehe 15 simu hazipokelewi na ujumbe wa WhatsApp unakaa, maana wateja wote wanasubiri tarehe 20 ifike. Dawa ni kuvuta taarifa ya tili kwenye M-PESA for Business mapema, na kuwasilisha kila kitu kufikia tarehe 5. Aliyetuma tarehe 5 anajibiwa. Aliyetuma tarehe 18 anaandaliwa ritani kwa haraka, na ritani ya haraka ndiyo inayokosa ile safu ya madeni.

Sikupenda pia kwamba waliomba nywila ya iTax. Usitoe. Mfumo una sehemu ya kumteua wakala wa kodi, na ukiitumia anafanya kazi kwa PIN yake. Hakikisha barua pepe na namba ya simu zilizo kwenye PIN yako ni zako. Nyingi zilizofunguliwa saiba zina barua pepe ya mhudumu, na taarifa za madai huishia huko. Kila mwezi dai hati ya kupokelewa kwa ritani, na uisome: kama ulikuwa na mauzo na hati inaonyesha sufuri, kuna mtu amekuwasilishia ritani tupu. Malipo fanya mwenyewe kwa paybill 222222, akaunti ikiwa ni namba ya PRN. Nakala zote weka miaka 5.

Ada ya Sh3,500 ni Sh42,000 kwa mwaka. Duka la mfano wetu bado linabaki na Sh49,400 baada ya kuilipa. Kibanda cha mauzo ya Sh60,000 kwa mwezi hakifikii kiwango cha TOT; hicho kijiwekee daftari na kilipie ritani ya Juni peke yake. Kabla ya kujiunga na ofisi yoyote, omba ankara ya eTIMS ya ada yao yenye PIN yako. Wakisita, ada hiyo haitakubaliwa kama gharama, na mtafute mwingine.