Nyumba za paneli kutoka Alpi: mbao zinunue, koti likatae

Mwenye kiwanja Fumba, Paje au Chake Chake akiulizia nyumba ya mbao siku hizi, hachelewi kuwekewa mbele picha za Vorarlberg, Tirol au Graubünden, mikoa ya milima ya Alpi huko Austria na Uswisi: kuta nyororo za mbao nyeupe, dirisha kubwa linalotazama mlima, paa lisilo na makeke. Mpango wa Burj Zanzibar, jengo la ghorofa 28 lenye mita 96 lililochorwa kwa zege na mbao, nao umezidisha maswali. Tathmini hii ni ya bidhaa iliyo nyuma ya picha hizo, yaani seti ya nyumba inayokatwa kiwandani Austria au Uswisi ikaletwa kwa kontena: paneli, madirisha, sufi ya kuzuia joto, nailoni za ukutani, skrubu na vyuma vya kona. Tumeipima kipande kwa kipande. Paneli ni bora kweli. Koti, yaani tabaka nyingine za ukuta zinazoivisha paneli hiyo, likiachwa kama lilivyochorwa kwa ajili ya theluji, litaiozesha nyumba huku rangi ikiwa bado inang'aa.

Paneli yenyewe, mafundi huiita CLT, ilikuzwa Austria katika miaka ya 1990, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Graz kupitia Gerhard Schickhofer kina mchango mkubwa katika hesabu zake. Mbao za msprusi, mti wa jamii ya msonobari, hupangwa tabaka 3, 5 au 7, kila tabaka likikingama juu ya jingine, kisha hugandishwa kwa gundi na kubanwa. Kukingama huko ndiko siri yote. Ubao hutanuka kwa upana ukinyonya unyevu lakini karibu hautanuki kwa urefu, kwa hiyo kila tabaka humshika jirani yake asitanuke. Ubao wa kawaida wa msprusi hutanuka kwa upana takriban asilimia 0.3 kwa kila asilimia 1 ya unyevu inayoongezeka. Paneli, kwa upana na kwa urefu, hutanuka asilimia 0.02 tu. Hutoka kiwandani ikiwa na unyevu wa asilimia 12, ikija pwani yetu, ndani ya nyumba inayopitisha hewa, hutulia kwenye asilimia 15 au 16. Hesabu yake ni rahisi: ukuta wa mita 10 utatanuka kama milimita 8. Acha nafasi hiyo kwenye maungio na mlango hautakwama. Usipoiacha, wa kulaumiwa ni mchoraji.

Usahihi wa ukataji ndio unaolipiwa, na unastahili. Jengo la LCT One pale Dornbirn, Austria, la ghorofa 8, lilikamilika 2012 kwa michoro ya Hermann Kaufmann, na sehemu yake ya mbao ilisimamishwa kwa siku 8. Kibanda cha wapanda mlima cha Olpererhütte, pia cha Kaufmann, kiko mita 2,389 juu ya bahari na paneli zake zilipandishwa kwa helikopta. Kule hakuna mwanya wa kurudi dukani kununua kipande kilichopungua. Kwa Pemba, ambako skrubu moja ya kipimo cha ajabu inaweza kusimamisha kazi mpaka boti ijayo, nidhamu hiyo ina thamani kuliko urembo wote wa katalogi.

Tena paneli inatoa kitu ambacho majengo yetu ya mawe na chokaa hayakukipata. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, mara nyingi kama mita 3, kwa sababu boriti za mkoko hazikuweza kuvuka zaidi. Paneli ya sakafu ya milimita 140, tabaka 5, huvuka mita 4 bila nguzo katikati. Kwa ukumbi wa familia kubwa hilo si jambo dogo.

Sasa kontena, ambalo wauzaji hulitaja kwa haraka. Viwanda vingi hukata paneli zenye upana wa karibu mita 3 na urefu wa mita 16. Kontena la futi 40 lina urefu wa ndani wa mita 12 na mlango usiofika mita 2.4 kwa upana. Ukikubali mchoro wenye paneli pana, utalipia kontena la wazi, na mzigo utapigwa na chumvi njia nzima. Dai michoro igawanywe kwa paneli za upana usiozidi mita 2.2 na urefu usiozidi mita 11.5. Paneli ya kipimo hicho yenye unene wa milimita 120 ina uzito wa karibu tani 1.4, kwa hiyo lori lenye kreni lazima lifike mpaka kiwanjani. Njia ikiwa ya mchanga au kuna mnazi wa urithi usiokatwa, agiza kuta kwa vipande vya mita 1.2 kwa 2.6, unene milimita 100. Kila kimoja ni kama kilo 150, watu 6 wanakiinua. Maungio yataongezeka na skrubu pia, lakini nyumba itasimama.

Tufike kwenye koti. Ukuta wa Alpi, kutoka ndani kwenda nje, ni mbao za ndani au gipsamu, nailoni ya kuzuia mvuke, paneli, sufi nene, nafasi ya hewa, kisha mbao za nje. Nailoni iko upande wa ndani kwa sababu kule, wakati wa baridi, ndani ndiko kwenye joto na mvuke wa jiko na wa pumzi za watu, nao hukimbilia nje. Unguja mambo yamegeuka. Nje kuna nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, na hewa ya namna hiyo huanza kudondosha maji ikikutana na kitu chenye nyuzi 25 au chini. Ndani mwenye nyumba amewasha kiyoyozi kwenye nyuzi 22. Mvuke unatoka nje kwenda ndani, unapenya sufi na paneli, unafika kwenye ile nailoni ya ndani iliyo baridi na kugeuka maji hapohapo, nyuma ya gipsamu, pasipoonekana. Mbao ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20, ukungu huanza na uozo hufuata. Mchoro mmoja, nchi mbili, matokeo kinyume.

Dawa si kuhamisha nailoni kutoka ndani kwenda nje halafu kulala, kwa sababu chumba kisicho na kiyoyozi hakiihitaji popote. Ifute kwenye oda. Ifute pia sufi ya kuta, kwani paneli ya milimita 100 peke yake inazuia joto vizuri kuliko ukuta wa matofali ya saruji. Pesa ya sufi ipeleke juu ya paa. Acha paneli wazi upande wa ndani, ipakwe mafuta yanayopumua, isipakwe rangi ya plastiki. Anayelazimika kuwa na kiyoyozi akitenge chumba kimoja cha kulala, akiweke nyuzi 26, na upande wa nje wa chumba hicho awekewe karatasi inayozuia maji ya mvua na kupunguza mvuke.

Kioo cha tabaka tatu nacho ni sehemu ya koti. Kinatengenezwa kwa baridi ya chini ya sifuri na uzito wake unachosha bawaba. Sisi tunahitaji dirisha la luva lenye wavu wa mbu, pande mbili za chumba zinazotazamana, ili kusi na kaskazi zote zipite. Dirisha kubwa la kusini linaloonekana kwenye kila picha linakusanya jua la baridi kule. Hapa, nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua hupita upande wa kaskazini Juni na upande wa kusini Desemba, na linalochoma zaidi ni la asubuhi na la alasiri. Punguza matundu mashariki na magharibi. Mapaa yatokeze pande zote nne angalau mita 1, kwani maji ya masika hayaji wima.

Kuna kipande kimoja cha koti ambacho tungekichukua kwa mikono miwili: nafasi ya hewa. Kule huachwa milimita 40 hadi 50 nyuma ya mbao za nje na chini ya paa ili unyevu utoke. Hapa nafasi hiyo, ikipanuliwa mpaka milimita 100 chini ya mabati na kuachwa wazi chini na kileleni, hutoa joto kabla halijafika kwenye paneli. Ziba midomo yake kwa wavu wa chuma kisichoshika kutu, la sivyo panya na popo watakuwa wapangaji wa kwanza.

Mchwa ndio adui ambaye katalogi haimjui. Msprusi hauna ulinzi wowote wa asili dhidi yake, tofauti na mvule au msaji. Paneli isikae juu ya jamvi la zege lililo usawa wa ardhi, hata kama mchoro wa kiwanda unaonyesha hivyo. Inua msingi sentimita 45, juu yake laza bati la kinga lililokunjwa na kutokeza pande zote mbili, kisha ubao wa msaji, ndipo paneli. Bati haliui mchwa. Linamlazimisha ajenge njia yake ya udongo hadharani ambapo utaiona, kwa hiyo usipande maua wala kupanga kuni kando ya msingi. Dawa ya boroni husaidia, ila haiingii ndani sana kwenye msprusi mkavu, tena huoshwa na mvua, ifae basi kwa sehemu zilizofunikwa tu.

Skrubu zinazokuja na seti huwa zimepakwa zinki nyembamba. Ndani ya nyumba ya Dornbirn hudumu sana. Nungwi, mita mia chache kutoka baharini, zitaanza kulia kutu mapema. Kwa kila kinachoguswa na hewa ya nje agiza chuma kisichoshika kutu cha daraja A4, na uliandike daraja hilo kwenye mkataba, kwa sababu A2 kwa macho ni kilekile. Mbao za nje zisizopakwa rangi, kama vigae vya mbao vya kanisa dogo lililochorwa na msanifu Peter Zumthor pale Sumvitg, Uswisi, la 1988, huzeeka kwa heshima katika hewa kavu. Kwetu zitapata madoa meusi ya ukungu, hasa upande usio na jua. Asiyependa madoa aweke msaji.

Moto hautishi kama watu wanavyodhani: paneli huungua takriban milimita 0.7 kwa dakika, na mkaa wa juu hukinga kilicho chini. Kinachoua nyumba hizi ni choo. Bomba likivuja chini ya vigae, maji hulala kwenye paneli kwa miezi bila dalili. Jenga choo na bafu kwa matofali juu ya jamvi lao wenyewe, yakiegemea nyumba bila kubebwa nayo, na mabomba yapite nje ya ukuta. Tangi la lita 1,000 ni tani nzima. Lipewe mnara wake.

Alama zetu, kwa tano: paneli 5, ukataji 5, vyuma 2, madirisha 2, ukuta kamili kama ulivyochorwa 1. Panga usimamishaji uwe kati ya Juni na Septemba, mvua za masika zikishapita. Kontena likifunguliwa, kabla ya kusaini chochote, chomeka kipima unyevu kwenye ncha na katikati ya paneli kadhaa. Asilimia 10 hadi 14 ni sawa. Ikizidi 16, zipange kivulini juu ya vijiti vya milimita 25, hewa ipite chini na juu, upime tena baada ya wiki mbili. Zikiwa na ncha nyeusi na nailoni ya safari imechanika, piga picha na uandike kasoro hiyo kwenye hati ya mapokezi, dereva akiwa bado yupo.