Adapta ya kuwashia pawa saplai mbili: uzoefu wangu

Nahariri video za harusi hapa Mwanakwerekwe, Zanzibar, na mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, lile kasha kubwa. Ngangari kweli, ila pawa saplai yake (kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ni ya wati 290, haina waya wa kulisha kadi ya grafiki, na plagi yake ya madabodi, yaani bodi kuu, ni ya pini 8, si 24 kama tulivyozoea. Huwezi kwenda sokoni Darajani ukachukua kubwa yoyote ukaichomeka. Na mimi kadi ninayo tayari, GTX 1660 Super, inayokula mpaka wati 125.

Basi nikaongeza pawa saplai ya pili ya kulisha kadi, na adapta hii ndiyo inayoiwasha pamoja na ya kwanza. Ni kisaketi kidogo chenye rilei (swichi inayojiwasha kwa umeme), bei yake haifiki kilo mbili za pweza. Upande mmoja unachomeka waya wa SATA, ule wa kulisha diski, wa pawa saplai ya zamani, upande wa pili plagi ya pini 24 ya ile ya ziada. Volti 12 zikifika, rilei inalia "tik", waya wa kijani wa ile plagi ya pini 24, ambao ndio wa kuwashia, unakutana na mweusi, ya pili inawaka. Ukizima kompyuta, zote zinalala. Wapo wanaogusanisha nyaya hizo kwa kipande cha waya tu. Inawaka, lakini itanguruma usiku kucha hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Fundi wangu alicheka: "Shekhe, mwili mmoja roho mbili?" Acheke. Video zinatoka na mashine haijizimi.

Ila msidhani kadi inakula kwa ile ya pili peke yake. Tundu lake kwenye madabodi nalo hutoa umeme, hadi wati 75 kwa kawaida, na huo unatoka kwa ya kwanza. Kwa hiyo zote nimezichomeka kwenye UPS moja, lile boksi la betri ya akiba. Umeme wetu mnaujua unavyokatika na kurudi, na sitaki moja iwe macho na mwenzake amelala.

Sura yake haipendezi. Ya ziada haikuenea ndani, imekaa juu ya meza, nyaya zinapenya nyuma ya kasha, na watoto nimewapiga marufuku kusogea.

Kama kompyuta yako ina plagi za kawaida, usihangaike, nunua moja kubwa yenye jina. Kwa mashine za ofisi kama hii yangu, nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu plagi ya SATA imekaa legelege. Nimeifunga kwa kamba ya plastiki.