Programu ya ripoti za magonjwa: wagonjwa wamejaa, yenyewe inaonyesha kijani

Nilipanga kuipa nyota nne, maana enzi za makaratasi taarifa ilifika juu wagonjwa wameshapona au wameshazikwa. Ramani yake pia naipenda kweli.

Sasa nisikilizeni. Juzijuzi watu wa kuharisha walianza kumiminika kituoni, choo kama maji ya mchele. Mtandao ukakata. Programu inajisifu kufanya kazi bila mtandao, na kweli inakubali ujaze. Fomu zinabaki kwenye kishikwambi zimeandikwa "inasubiri kutumwa". Huko kwa wakubwa, kituo chetu kimepakwa kijani! Aliyeitengeneza ameamua kwamba kituo kilichokaa kimya na kituo kisicho na mgonjwa ni kitu kimoja.

Nikapiga simu kuomba dripu na klorini.

"Dada, mfumo unaonyesha kwenu hamna mgonjwa."

Nikamwambia ninaye hapa mbele yangu, macho yamezama, ngozi ukiifinya hairudi.

"Ingiza kwanza kwenye mfumo, ndipo tuongee." Akakata.

Kipindupindu mtu asipotibiwa kinaweza kumuua ndani ya saa chache. Kinangoja mfumo?

Mtandao ukarudi, fomu zote zikaondoka kwa mkupuo. Na kwa kuwa mchoro wao wa idadi ya wagonjwa kwa siku unafuata tarehe ya kutuma, si tarehe mtu alipoanza kuugua, ukasimama mnara wa siku moja. Bwana yule yule akanipigia akihema: mbona mlipuko wa ghafla? Ghafla! Timu ikaja kutuuliza harusi ilikuwa ya nani na nani alipika, kwa sababu mnara kama ule husomeka kwamba wote wamekula sumu ya sufuria moja. Uingereza mwaka 2020 karibu wagonjwa 16,000 wa korona walichelewa kuripotiwa kwa sababu faili la Excel lilijaa, kwa hiyo najua hata wenye pesa yanawakuta. Lakini mimi nilipiga simu! Nilisema kwa mdomo wangu!

Kusema haki, kijana mmoja wa takwimu alipopanga upya kwa tarehe za kuugua, ramani ilituonyesha wengi wanachota kisima kimoja. Kikatiwa klorini, wagonjwa wakapungua. Kwa hilo, nyota tatu.

Hapana, moja. Nimefungua dashibodi sasa hivi: kituo cha jirani mtandao umekatika tangu asubuhi, nacho kijani. Wekeni basi hata kijivu, jamani.