Saiba ya Langoni: nakala safi, lakini hakikisha faili lako limefutwa

Sisi ni wanne, na kila mmoja ana riwaya ambayo haijaisha: mimi, shoga yangu mwalimu wa msingi, nahodha mmoja mstaafu, na kijana fundi wa majahazi kutoka Matondoni. Kila mwezi mmoja wetu hugawa alichoandika, wengine husoma wiki mbili na kalamu mkononi, kisha tunakutana darini kwangu. Mwenye kazi haruhusiwi kujitetea mpaka dele la kahawa limalizike. Saiba hii, duka la kompyuta la kichochoroni huko Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ndiyo inayotuchapia, mwaka na nusu sasa.

Bei kwanza. Kuprinti ni shilingi 10 ukurasa, fotokopi 5. Mara ya kwanza nilikwenda na kurasa 62, nikataka nakala nne, na hesabu nilishaipiga njiani: 2,480. Kijana wa pale akaniambia, "Mama, tutoe moja kwa printa, hizo tatu tuzipige fotokopi." Nikalipa 1,550. Angenyamaza nisingejua.

Mwambieni aache nafasi mbili baina ya mistari na pembeni pabaki pana. Springi wanatia kwa 80, lakini rasimu ya kwanza ya nini kuitia springi? Pini moja kwa kila sura yatosha, maana kurasa zitachomolewa tu. Na hapo pembeni ndipo penye kazi. Fundi wetu anaandika juu ya jahazi la kubeba boriti za mikoko, na kisa chake kinaishia 1982, serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje. Katika sura ya pili jahazi liling'oa nanga Januari kwenda Muscat. Nahodha aliandika neno moja tu kwa wino mwekundu: "Upepo?" Januari ni kaskazi, upepo wenyewe watoka huko huko. Jahazi sasa linaondoka Aprili, kusi ikishika, na harusi iliyokuwa ifanyike kabla ya safari imebidi itafutiwe tarehe nyingine.

Huduma ya kupiga chapa ndiyo iliyotupa vituko. Nahodha haigusi kompyuta, anaandika kwenye kaunta buku (tushukuru si kwa herufi za Kiarabu). Alipeleka kurasa 40. Kazi iliporudi ilikuwa safi, haina kosa, na ndilo lililomkasirisha. Kila alipoandika "ndia" kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, pamekuwa "njia", "mato" yamekuwa "macho", "mai" yamekuwa "maji". Akatusomea ukurasa mmoja kwa sauti, akauweka chini. "Mtu wangu mzaliwa wa Amu," akasema, "leo ameamka anazungumza kama msoma taarifa wa redio."

Mwalimu akamtetea kijana wa saiba: msomaji wa Bukoba atajikwaa. Mimi nikasema simulizi iende kwa Kiswahili cha vitabuni, lakini watu wakifungua vinywa waachwe na vinywa vyao. Tulibishana hadi muadhini akatukata. Siku ya pili nahodha akarudi saibani, na hapa nawasifu: kijana hakununa, akasema, "Samahani mzee, nilidhani nakusaidia," akairudia kazi bila malipo. Ila aliirudia kwa kuiamuru kompyuta ibadilishe kila "njia" kuwa "ndia", basi hata askari wa kutoka Nakuru, aliyeshuka botini ukurasa uliopita, akawa anauliza "ndia" ya kituoni. Mara ya tatu ndipo ikakaa sawa. Nayo pia bure.

Sasa lalamiko, na si dogo. Faili mnazompelekea zilikuwa zinabaki kwenye kompyuta ya wateja, mbele kabisa, mtu akiwasha tu anaziona. Mwalimu ameandika juu ya ndugu wanaogombea nyumba ya bibi yao, na mmoja wao anadai hati ilifichwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Mteja mmoja akaisoma akisubiri fomu zake. Haikupita siku mbili, mwanamke akamsimamisha mwalimu njiani kumuuliza, "Mwalimu, sisi tumekukosea nini?" Kumbe kwao kuna kesi kama hiyo hiyo, na mwalimu, wallahi, alikuwa hajui. Mji huu ukipiga chafya Mkomani, Langoni washakuombea dua. Mtu anayeandika rasimu bado hajaamua nani mbaya nani mwema. Kusomwa na mpita njia wakati huo ni kama kukutwa uani na kanga ya kuogea.

Mwenye duka aliomba radhi, na sasa wanafuta faili mbele yako. Lakini ukikaa kimya wao husahau, kwa hiyo usitoke mpaka umeona kwa macho yako limefutwa.

Kwa uchapaji na uungwana nawapa nyota nne. Ijumaa hufunga kabla ya saa sita. Kazi ndefu ipelekeni asubuhi mapema, kabla punda wa saruji hawajaanza kupita, kwa sababu kichochoro ni chembamba na karatasi husubiri kwenye stuli mlangoni. Mmoja aliukanyaga ukurasa wangu wa 17 akaondoka nao umeganda kwatoni, nakala zote nne zikakosa ukurasa. Tulipokutana darini niliuliza nani ametambua. Hakuna. Nimeutoa.